Wacheni kucheka waini tamu ya mama zetu

Acha nianze na kosa langu, kwa sababu najua nikinyamaza kuna mtu atalileta kwa komenti.

Desemba iliyopita nilirekodi video fupi nyumbani kwa mama, Umoja. Chama chake kilikuwa kimekutana kugawana pesa za mwaka. Mezani kulikuwa na pilau, kachumbari, soda za lita mbili na chupa tatu za waini nyeupe tamu. Mama mmoja akamimina waini kwa kikombe cha chai, akaonja, akakunja uso, akaongeza Sprite, akaonja tena, akaongeza Sprite tena. Mimi nikavuta kamera karibu na kile kikombe. Nikaweka muziki wa fidla, ule wa hoteli kubwa, na juu nikaandika: "Wataalamu wa waini, tawi la Eastlands."

Ikasambaa. Mimi ni mtu wa watazamaji mia tatu, siku nzuri mia nne. Hii ilifika elfu tisini kabla ya chai ya saa nne. Watu walicheka mpaka wakaanza kuleta hadithi zao: shangazi aliyeweka chupa tupu kabatini iwe pambo, ruracio ambapo waini ilipitishwa kwa jagi la maji, mjomba aliyeifungua kwa bisibisi. Nikajiona nimefika.

Mama aliiona kupitia grupu ya WhatsApp ya kanisa. Grupu ya kanisa, jamani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani hiyo waini ilikukosea nini?" Nikamjibu ni mzaha tu mama, ni kontenti. Akaendelea kukata sukuma.

Chama kilipokutana tena Februari, nilipita kumsaidia kupanga viti. Mezani hakukuwa na waini. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Tuliacha. Waini ni ya watu wanaoijua."

Mama yangu ameuza nguo za watoto Gikomba miaka ishirini na kitu. Anaamka saa kumi alfajiri awahi bale zikifunguliwa. Pombe hanywi, isipokuwa hiyo glasi moja ya waini, labda mara nne kwa mwaka, akiwa na wenzake, viatu vimevuliwa, siku ambayo hakuna mtu wa kumwomba kitu. Na hiyo glasi moja nikamnyang'anya kwa ajili ya laiki.

Kwa hivyo swali lake nimelichukua kwa uzito. Hiyo waini ilikosea nini? Chupa mbili za siku ile zilikuwa bado chini ya sinki, mama hatupi chupa. Lebo ya moja ilisema ni waini nyeupe tamu, basi, hakuna jina la zabibu. Ya pili ilikuwa imeandikwa Moscato. Nikaanza na hiyo, na wiki tatu baadaye nilikuwa bado nasoma mambo ya hiyo zabibu usiku badala ya kuhariri video za wateja. (Wateja, mnisamehe.)

Moscato ni jina la Kiitaliano. Wafaransa na Waingereza huiita Muscat, Wahispania na Wareno Moscatel. Si zabibu moja, ni ukoo mzima. Aina zenye jina hilo zinahesabiwa zaidi ya 200, nyeupe, nyekundu mpaka nyeusi, lakini nyeupe mbili ndizo zinabeba ukoo. Ya kwanza ina punje ndogo, inaitwa Muscat Blanc à Petits Grains, na ni kati ya zabibu za zamani zaidi zinazolimwa mpaka leo kuzunguka Bahari ya Mediterania. Ya pili ni Muscat ya Alexandria, punje kubwa, inayopenda jua kali. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba ya pili ni mtoto wa ya kwanza.

Sasa sikiliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia. Waini nyingi hazinuki zabibu. Ukikaa na watu wa kuonja watakuambia wananusa ngozi ya kiti, tumbaku, nyasi, jiwe lililonyeshewa, na wewe unatikisa kichwa usionekane mshamba. Muscat ni kati ya zabibu chache sana ambazo waini yake inanuka zabibu yenyewe. Kwenye ganda lake kuna kemikali za harufu, mojawapo inaitwa linaloli, nyingine geranioli. Linaloli ndiyo inayozipa mbegu za dania harufu yake. Geranioli iko kwenye waridi. Yaani dania ambayo mama husaga kwa pilau, na yale marashi ya waridi yanayouzwa Eastleigh, yana undugu na hiyo chupa ya Moscato. Mtu aliyepika pilau maisha yake yote ana pua iliyo tayari kwa hii zabibu. Ambaye hakuwa na pua siku ile ni mimi niliyeshika kamera.

Jina lenyewe je? Wengi wetu tukisikia Muscat tunafikiria Maskati, Oman. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilikuwa nimeshaandika skripti. Lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetoka kwa miski, ile harufu. Neno tunalo, na Eastleigh kuna wasichana wanaitwa Miski.

Halafu nikafika Pantelleria, nikasimama hapo. Ni kisiwa cha Italia ambacho kiko karibu na Tunisia kuliko kilivyo karibu na Sicily. Upepo wa huko ni mkali hadi mizabibu hupandwa ndani ya vishimo, ikabaki mifupi kama kichaka. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka ukulima huo kwenye orodha yake ya urithi. Zabibu zikiiva, sehemu yake huanikwa juani mpaka zinywee, sukari ijikusanye, ndipo watengeneze waini tamu nzito ya rangi ya asali. Na zabibu hiyo ni Muscat ya Alexandria, ila wenyewe hawaiiti hivyo. Wanaiita zibibbo.

Isome tena polepole. Zibibbo. Zabibu.

Ni neno moja. Waarabu waliitawala Sicily kuanzia karne ya 9 na wakaacha neno lao zabib, yaani zabibu kavu, likakwama hapo mpaka leo kama jina la Muscat. Neno hilohilo likapanda majahazi upande huu wa Bahari ya Hindi, Kiswahili kikalichukua kwa tunda lote, bichi na kavu. Mkulima wa Pantelleria na yule mama anayepima zabibu kavu kwa kikopo pale Eastleigh wanaita bidhaa yao karibu neno moja. Halafu mimi, mtoto wa Kiswahili, nilikuwa nasimama Westlands naona aibu kusema napenda hiyo zabibu.

Ngoja niwaeleze hayo ya Westlands, kwa sababu ile video haikutoka hewani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilialikwa kwa shughuli ya kuonja waini, mahali sitapataja. Tulikuwa watengeneza kontenti kama kumi na watano, wengi wa upande ule wa mji. Nilikuwa nimetoka Umoja na mat ya 35/60, nikashuka tao, nikapanda nyingine, nikafika na jasho. Jamaa aliyekuwa anatumiminia akatuzunguka akiuliza kila mtu kawaida anakunywa nini. Huyu akataja Malbec, yule akataja Sauvignon Blanc. Nikasema Moscato. Nilikuwa nimeinywa mara mbili na niliipenda, sikuona kesi. Jamaa akatabasamu, akawaangalia wengine, akasema, "Aah, hiyo ni ya kuanzia. Utakua tu." Meza yote ikacheka. Na mimi nikacheka nao, hapo ndipo ubaya uko. Nilirudi mtaani usiku ule nikiwa nimejifunza jambo moja tu kuhusu waini, nalo ni nani wa kuchekwa. Desemba nikaipitisha kwa mama.

Hiyo "ya kuanzia" imenifanya nitafute historia kidogo, na historia iko upande wa mama. Huko Afrika Kusini, nje kidogo ya Cape Town, kuna shamba la Constantia lililoanzishwa 1685 na Simon van der Stel, gavana wa Waholanzi. Waini iliyolipa jina duniani kwenye karne ya 18 na ya 19 ilikuwa tamu, na ngome yake ilikuwa Muscat. Wafalme wa Ulaya waliiagiza. Napoleon akiwa kifungoni kisiwani St Helena alikuwa akiletewa. Baadaye ikapotea, na Klein Constantia ikaifufua kwa mavuno ya 1986 kwa jina Vin de Constance. Leo chupa ndogo ya hiyo kitu inaweza kumeza kodi ya nyumba ya Kayole. Kwa hivyo utamu peke yake hauwezi kuwa kosa. Kumbe tatizo ni utamu wa bei ya chini, mikononi mwa watu wa bei ya chini.

Sitaki kuipamba hiyo historia pia. Mizabibu ya Cape ilipandwa na kuvunwa na watumwa, walioletwa kutoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulipoisha, vizazi vya wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa sehemu ya mshahara kwa waini ya hali ya chini, mfumo waliouita dop, na mikoa ile bado inabeba majeraha yake: Western Cape ina mojawapo ya viwango vya juu zaidi duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyopata wakiwa tumboni. Nalisema hili ili usidhani nimekuja kukuuzia pombe. Sijalipwa na mtu. Na kama hujafika miaka 18, posti hii si yako, enda ukasome.

Muscat ya Alexandria hata ina jina la nyumbani kule: hanepoot. Wanaila kama tunda, wanaikausha, wanatengeneza waini tamu ya kuongezwa pombe kali. Na ukiangalia rafu za supamaketi zetu kuanzia Buruburu mpaka Donholm, utaona sehemu kubwa ya waini tamu imetoka huko huko Afrika Kusini. Hata KWAL yetu, iliyoanzishwa 1969, iliingia mikononi mwa Distell ya Stellenbosch, na tangu 2023 Distell yenyewe iko chini ya Heineken. Ladha ya mtaa haikuanguka kutoka mbinguni. Ililetwa na malori.

Ililetwa na muziki pia. Kati ya 2009 na 2011 hivi, marapa walianza kuitaja Moscato kwenye nyimbo, Drake akiwa mmoja wao, na mauzo yake Marekani yakapaa mpaka wakulima wa California wakaongeza mashamba ya Muscat. Wanunuzi wengi wapya walikuwa vijana, wanawake, watu weusi. Na ni wakati huohuo wajuaji wa waini walianza kusema Moscato si waini ya maana. Unaweza kuniambia ni bahati mbaya tu. Mimi nimekulia Umoja, huo wimbo naujua: kitu kikipendwa huku, huko juu kinapoteza hadhi. Tuliona na mitumba, kisha wenyewe wakaja Gikomba na gari kubwa kuichagua.

Haya, kuhusu sukari. Watu huniambia, "Lakini hiyo ni sukari tupu, wanaweka sukari." Inategemea chupa. Moscato d'Asti ya Piedmont, kaskazini mwa Italia, inatengenezwa hivi: maji ya zabibu yanawekwa kwenye tangi lililofungwa, hamira inaanza kula sukari na kuigeuza pombe, na pombe ikifika kama asilimia 5, wanapoza tangi ghafla na kuchuja ile hamira. Sukari iliyobaki ni ile ya zabibu yenyewe ambayo hamira haikuruhusiwa kumaliza. Vipovu vidogo navyo ni hewa ya hiyo hiyo kazi iliyokatizwa. Hakuna mtu amesimama na kijiko. Kule Rivesaltes na Beaumes-de-Venise, Ufaransa, wanasimamisha hamira kwa kuongeza pombe kali, ikaishia asilimia 15 kwenda juu, hiyo ni mnyama mwingine, usiimimine kama soda. Na kuna Muscat isiyo na utamu hata kidogo, Alsace wanaitengeneza: pua inakuambia asali, ulimi unakuambia ndimu. Ya kwanza kuonja nilidhani nimedanganywa.

Nyingine ni za bei nafuu na utamu wake unaongezwa mwishoni kwa maji ya zabibu yaliyochemshwa yakawa mazito. Si sumu, lakini ladha huwa ni ya bapa, tamu mbele, nyuma hakuna kitu. Nadhani ndiyo iliyomfanya yule mama akunje uso. Fikiria: alionja, akaona kuna kitu kimepungua, akatafuta ukali na vipovu kwa Sprite. Yaani alikuwa anajaribu kutengeneza Moscato d'Asti kwa kikombe cha chai! Na mimi nikamwekea fidla.

Sukari yenyewe tuongee ukweli, kwa sababu kwenye chama cha mama kuna wawili wana ugonjwa wa sukari. Moscato tamu ina gramu 100 na zaidi kwa lita. Glasi ya mililita 150 ni kama vijiko vinne vya chai vya sukari. Ni nyingi. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya hapo, lakini hatujawahi kumcheka mtu kwa soda. Upande wa pombe, glasi ya asilimia 5 ina karibu theluthi ya pombe iliyo kwenye glasi ya nyekundu ya asilimia 14, ile ya wakubwa. Mwanamke anayetaka kukaa na wenzake saa tatu, acheke, aamke saa kumi alfajiri, amechagua vizuri kuliko wewe.

Hasira yangu nimeihamisha. Nimeipeleka kwa duka.

Hesabu mabango ya "Wines and Spirits" kutoka stendi yetu mpaka Mutindwa. Mimi nilihesabu kumi na moja nikachoka. Sasa ingia uulize waini. Utaonyeshwa rafu moja juu kabisa, chupa sita, zimepauka lebo kwa sababu jua la saa tisa linapiga dirishani kila siku. Kilichobaki chote ni spirits, vile vichupa vya robo vinavyomaliza vijana wa rika langu kabla ya saa mbili usiku. Neno waini liko kwa bango kama maua kwa uzio. Na Muscat ni kati ya waini zinazoumia upesi zaidi. Ile harufu ndiyo mali yake yote, na harufu hiyo haivumilii joto wala kukaa. Inatakiwa inywewe changa, mwaka mmoja au miwili, ikiwa baridi sana. Ukinunua chupa iliyochomwa na jua miezi minane dirishani, umenunua maji ya sukari. Halafu unaambiwa wewe ndiye hujui waini.

Nilimuuliza jamaa wa duka moja kwa nini asiweke zile chupa ndani, kwa friji. Akaniambia, "Bro, friji ni ya beer. Waini inakaa hapo ionekane." Angalau alikuwa mkweli.

Kwa hivyo kama unaenda kununulia mama yako, tafuta jina la zabibu kwa lebo: Muscat, Moscato, Moscatel, hanepoot, yote ni ukoo mmoja. Tafuta mwaka. Soma asilimia ya pombe. Omba chupa ya nyuma, iliyokaa gizani, na hakikisha ina stempu ya KRA. Ile programu yao ya Soma Label inakusomea kwa simu. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa waini unahesabiwa kwa kiwango cha pombe halisi kilicho ndani, si kwa lita kama zamani, kwa hivyo chupa ya asilimia 5 inafaa kulipa kidogo kuliko ya 14. Mimi sijaona bei ikishuka mtaani kwetu. Mwenye duka akikujibu vizuri kuhusu hilo, niambie amesemaje.

Na wanaoniuliza kwa nini tusinywe ya kwetu: Naivasha kuna Leleshwa, na Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawaliwezi. Nyeupe ya Dodoma inayojulikana zaidi ni ya Chenin Blanc, nzuri tu, ila haina ile harufu. Ningependa sana kuona mtu akijaribu Muscat ya Alexandria kwenye lile jua la Dodoma. Hilo ni ombi, si utabiri.

Jumapili iliyopita nilibeba Moscato moja kwa mama. Nililipa elfu moja mia sita, nimeitoa kwa friji ya supamaketi, nikaifunga kwa gazeti na sweta ndani ya mat ili isipoteze baridi, kondakta akadhani nimebeba mtoto wa paka. Video nilikuwa nimeifuta tayari, ingawa naambiwa kuna kurasa bado wanairusha.

Mama akatoa glasi za wageni kabatini, zile ambazo hata mimi sijawahi kunywea. Nikamwambia kwanza anuse. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha, nina dania, nina waridi, nina Pantelleria yote kichwani. Akanusa. Akanyamaza kidogo.

"Hii ni michungwa ikitoa maua," akasema. "Kwetu Makueni, asubuhi."

Baadaye nilienda kuangalia. Maua ya mchungwa ndiyo maneno ya kwanza wataalamu hutumia kwa hii zabibu, na linaloli iko humo pia. Nilikuwa nimetumia wiki tatu. Yeye alitumia sekunde tano.

Akanywa nusu glasi. Akaweka kipande cha barafu, nikafunga mdomo wangu. Nikamweleza ile ya zibibbo na zabibu, akacheka mpaka akafuta macho, akarudia rudia, zibibbo, zibibbo, kama jina la mtoto wa jirani. Kisha akauliza bei. Nilipomwambia akanyamaza tena, akahesabu kitu kwa vidole.

"Chama ni Jumamosi," akasema. "Wewe utaleta mbili, na utakuja uwaeleze hao wamama vile umenieleza. Ukianza na kuomba msamaha."

"Sawa, mama."

"Na hiyo simu utaiacha hapo kwa mlango."